Mfereji wa Ngulunyi na Jina la Mghoi

Alhamisi, Jeddah. Joto la unyevunyevu, nguo nimeanika tangu asubuhi zimekataa kukauka.

Basi, tembo wakaingia sokoni. Hapo ndipo nilikuwa nimefika jana madam akaitisha chai, nikaacha stori inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Leo niko chumba cha kufulia, ndoo inajaa polepole maana maji yanatoka kama yanaombwa, simu iko juu ya mashini ya nguo. Wageni wa Alhamisi huja baada ya isha. Nina saa moja hivi, na saa yenyewe haikaliki.

Kama hukusoma jana usijali, narudia. Mimi kurudia stori sichoki, muulize Njeri.

Njeri ndiye alinifungulia hii blogu. Tulikuja na ndege moja, tukalala chumba kimoja kwa ajenti Riyadh siku tisa tukingoja makafili, waajiri wetu, watuchukue. Yeye alichukuliwa na familia ya Sulimaniyah, bado yuko huko analea mapacha. Mimi nilikaa Riyadh na mama mmoja mzee, alipofariki ikama yangu, kibali cha kukaa, ikahamishiwa kwa binti yake hapa Al-Hamra, ndiye madam wangu sasa. Nikawa kila siku nampigia Njeri kumpa habari za nyumba hii, na za nyumba ya pili, na za dereva wa nyumba ya tatu. Siku moja akaniambia, "Mama Wakesho, nina watoto wawili wa kulisha saa hii. Nakufungulia mahali uandike, atakayetaka kusoma atasoma." Nikajua amenichoka. Lakini anasoma! Nikikosea jina la mtu ananipigia kunirekebisha. Hata simu hii ni yeye aliniokotea soko la Batha kwa muuza mitumba, kioo kina ufa lakini maneno yanapita.

Sasa Wakesho ni mtoto wangu wa mwisho. Yuko form three, shule ya kutwa, kwetu Ngulunyi, ile senta ndogo kando ya barabara ukitoka Voi. Anakaa kwa dada yangu Mkamburi, na simu anayotumia ni ya huyo Mkamburi. Mwalimu wao wa historia amewapa kazi. Form three wamegawanywa vikundi, kila kikundi kitafute jambo moja la zamani la Ngulunyi, halafu Ijumaa wapande shule ya msingi wakawaeleze watoto wa class three. Ijumaa ndiyo kesho. Kikundi cha Wakesho kimeangukiwa na swali la soko: kwa nini zamani soko lilikuwa upande wa juu wa barabara, pale kwenye vifusi vya tangi, na leo liko ng'ambo karibu na stesheni?

Juzi akanitumia voisi. "Mama, wewe ndio unajua mambo yote ya watu. Tuambie."

Mambo yote ya watu. Sijui mtoto alinisifu ama alinitukana, lakini nilifurahi nusura nichome kanzu ya bosi na pasi.

Nikamrudishia voisi saba.

Nikamwambia zamani kila nyumba ilikuwa na zamu ya ufunguo wa mfereji wa pale kwenye tangi. Mwenye zamu anafungua jioni, watu wanateka, wa mwisho akishateka mfereji unafungwa, halafu majivu yanamwagwa juu ya tope lote. Majivu ni ya kuficha harufu, tembo wasije. Wakati wa kiangazi tembo ananusa maji kutoka mbali, na tope bichi kwake ni kama wewe usikie chapati za jirani. Ngulunyi tulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa nasari aliijua: funga, mwaga majivu.

Nikamwambia siku hiyo zamu ilikuwa ya Mghoi, bibi arusi wa juzi tu, mkono bado una hina. Mghoi akaacha mfereji wazi akaenda kusimama na utingo wa lori la mahindi. Maji yakamwagika, tembo wakaja, wakaliangusha tangi, wakapita katikati ya vibanda vya soko kama wako kwao. Vibanda vyote chini, na mbuzi mmoja. Miezi minne hatukuwa na maji, ndipo watu wakahamisha soko ng'ambo kulikowekwa mfereji mpya. Na Mghoi akaitwa Mghoi wa Mfereji mpaka hii leo.

Nilimwigiza utingo. Nilimwigiza Mghoi akicheka na leso mdomoni. Wakesho akanijibu kwamba kikundi chote wamelala chini kwa kicheko. "Mama, hii tutaisimulia vile vile, na jina."

Nikalala nimejiona mwalimu.

Leo mchana sasa. Napakua wali. Lamar, binti mkubwa wa madam, yuko sekondari kama Wakesho wangu, alikuwa anamsimulia mdogo wake wa miaka saba habari za nyumba ya zamani ya bibi yao kule Balad, mji mkongwe. Kiarabu changu ni cha jikoni lakini hii niliishika. Kulikuwa na mlango mkubwa wa kuchongwa, mtu mmoja wa familia akauuza kisirisiri, watu hawakusalimiana miaka. Lamar anataka kueleza mlango ulivyokuwa mzuri. Kale katoto kakaweka kijiko chini. "Min?" Nani? Nani aliuza? Lamar anaendelea na maua yaliyochongwa, kenyewe hakataki maua, kanataka mtu. Min? Min? Mpaka madam akasema halas, basi, kula.

Upawa ukanitoka mkononi.

Maana class three ni watoto wa miaka minane, tisa. Watauliza nani. Ndicho kitu cha kwanza watakachouliza.

Nikakimbilia chumbani kusikiza tena ile voisi ya kwanza ya Wakesho. Juzi sikuifikisha mwisho, nilikuwa na haraka ya kuongea mimi. Kumbe mwishoni amesema hivi: "Nasikia Mghoi wa Mfereji yumo kwenye hiyo stori, na unajua Mkawasi, mjukuu wake, yuko class three hiyo hiyo, ndiye hukaa mbele kabisa. Atafurahi bibi yake kutajwa kwenye historia."

Atafurahi.

Nimesikiza mara nne. Nimetia chumvi kwenye supu ya adesi mara mbili. Nimepiga pasi kanzu ambayo nilishaipiga asubuhi.

Sasa naandika kitu ambacho sijakisema popote, na mimi nyinyi mnanijua kwa kusema.

Mghoi hakuacha mfereji wazi. Mimi ndiye niliacha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jioni ile nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mghoi alikuwa na haraka, mama mkwe wake alikuwa mkali wa chakula kuchelewa. Akaniambia, "Mwanangu, nifungie, majivu ni yale kwenye debe, ufunguo niletee nyumbani." Nikasema sawa. Alinibandika ufunguo mkononi na akanifunga kidole kimoja kimoja juu yake, kama mtu anayempa mtoto pesa za sukari.

Mtungi wangu ukawa unajaa. Na hapo hapo nyumba ya muuza nyama, hatua ishirini kutoka pale, mkewe akaanza kupiga kelele. Amekuta leso ya mwanamke mwingine ndani ya gunia la mkaa. Sasa niambie, wewe ungesimama kwenye mfereji? Nilikwenda kusikiza kidogo tu. Ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu, jamani, leso ilikuwa na maandishi na yule mama alikuwa anayasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mstari anampiga mume kofi moja. Nikakaa nyuma ya ua wa makuti mpaka giza. Nikarudi nyumbani na ufunguo mfukoni na stori mdomoni. Mama akaniuliza mtungi uko wapi, nikasema foleni ilikuwa ndefu. Nilishasahau. Kweli nilisahau.

Asubuhi tangi halipo.

Chifu akatukusanya pale pale kwenye vifusi. Mghoi akasema, "Nilimwachia huyu mtoto." Hakusema kwa hasira, alisema tu. Chifu akaniuliza. Watu wote wananitazama, mama yangu amenishika bega. Nikasema hapana, hakuniachia. Ufunguo nilikuwa nimeshautupa kwenye majani karibu na lori la mahindi lililolala pale na pancha, na ndiko ulikookotwa.

Hapo ningenyamaza ungekuwa uongo mmoja. Lakini mimi ni mimi. Watu bado wananitazama, naona wanataka zaidi, na mtu akinitazama anataka zaidi siwezi kumwacha hivyo. Nikasema nilimwona Mghoi akienda upande wa lori.

Hakukuwa na utingo. Dereva alikuwa peke yake, mzee, na alikuwa amelala. Utingo nilimtia mimi.

Mama mkwe akamrudisha Mghoi kwao. Mwaka mzima, mpaka mumewe alipokwenda kumchukua mwenyewe. Na alivyorudi, zamu ya ufunguo ikifika nyumba yao ilirukwa. Ufunguo ulipita tu, unakwenda nyumba inayofuata, kama nyumba yao haipo. Na mimi nikakua, nikaolewa, nikazaa, na kila nikisimulia ile stori nilimwongezea yule utingo kitu. Mara kofia. Mara jino la dhahabu. Juzi kwa Wakesho nilimpa redio.

Siku ya kuondoka kuja huku, wanawake walikuja kuniaga kwa Mkamburi. Mghoi akaja na mfuko wa kunde kavu. Akanikabidhi mbele ya wote, akasema, "Huko kwa Waarabu, Mama Wakesho, mfereji uwe unafunga." Nyumba nzima ikacheka, wakidhani anajitania mwenyewe. Mimi nilicheka kuliko wote. Yeye akanishika mkono muda kidogo zaidi ya kawaida, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya ule mfuko, akaenda zake.

Zile kunde sikuzila. Nilimwachia Mkamburi.

Madam huwa ananisifu kwa wageni, anasema mimi ndiye mfanyakazi wa kwanza kumwona anayejali maji. Hapa maji huletwa na lori la tangi, yakiisha ni kungoja. Nikipita bafuni napitisha mkono kwenye kila mfereji, hata ule ambao haujafunguliwa, nakaza. Madam anafikiri ni uaminifu.

Basi baada ya alasiri nikamtumia Wakesho voisi. Moja tu, si saba. Nikamwambia wacha hiyo stori, si kweli, mfereji niliuacha mimi, utingo hakuwepo. Tiki ikatokea moja. Nikangoja ya pili. Mafi, hakuna. Nikampigia Mkamburi, simu imezimwa. Itakuwa imepelekwa kuchajiwa dukani, stima kwetu huenda na kurudi kama mume mlevi.

Nikaenda kukunja taulo, nikarudi, tiki moja. Nikakaza mifereji ya juu, nikarudi, tiki moja. Nikahesabu: kesho saa tatu wako mbele ya darasa. Wakesho ana sauti kama yangu, akiigiza mtu anamweza. Atamweka Mghoi na leso mdomoni mbele ya mjukuu wake. Mkawasi atarudi nyumbani ameambiwa na darasa zima. Ilikuwa stori ya wazee wanaozeeka nayo, sasa naipandikiza kwa watoto wabichi, itaishi tena miaka arobaini.

Nikampigia Njeri. Nikamweleza yote.

"Subiri," akasema. "Yule utingo wa jino la dhahabu, yule uliyetusimulia kwa ajenti mpaka wale wasichana wa Uganda wakalia kwa kicheko, hakuwepo?"

"Hakuwepo."

"Hata jino?"

"Njeri, jino la mtu ambaye hayupo litakuwepo?"

"Ngai!" Halafu akashusha sauti, mapacha wamelala. "Lakini si uache tu, Mama Wakesho. Hii ni miaka mingapi? Hata hao tembo washakufa."

"Tembo wamekufa. Mghoi anauza mahamri pale stesheni."

"Basi mtoto aseme 'mtu fulani'. Mtu fulani aliacha mfereji wazi. Historia imekwisha, watoto wapige makofi, yalla, nyumbani."

Nikamshukuru, nikakata. Nikaona kweli, mtu fulani, si hiyo inatosha? Nilitulia muda wa kukunja mashuka mawili.

Halafu nikakumbuka kale katoto na kijiko chake. Min? Na Ngulunyi ukisema mtu fulani na mfereji, kuna mtu mmoja tu. Hata nisipomtaja nimemtaja. Jina lake haliwezi kutoka pale kama haliingii lingine.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu Njeri atasoma na anajua mimi siogopi hata mashetani ya ghorofa ya juu. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi minane. Nitarudi nikakae wapi? Sokoni, ambapo kila kibanda kilihama kwa sababu yangu? Kanisani nyuma ya Mghoi? Na Wakesho je? Mimi niko mbali, kicheko hakitanifikia huku. Kitamfikia yeye. Wataanza kumwita Wakesho wa Mfereji. Nitakuwa nimelitoa jina kwa mjukuu wa mwenzangu nikamvika mtoto wangu.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa.

Simu imelia! Ngoja.

Tiki mbili. Za buluu. Amesikiza.

Anaandika. Ameacha. Anaandika.

"Mama ni ukweli?"

Nimemwandikia, ni ukweli.

"Sasa kesho nitasema nini? Wamepanga nisimulie mimi. Mkawasi atauliza ni nani." Ona huyo, hata yeye amejua. Halafu: "Nikisema ni mama yangu watanicheka mpaka nimalize form four."

Kidole kiko juu ya "sema mtu fulani", herufi tatu nimeshaziandika. Nimezifuta. Nimemwandikia: Watakucheka. Wakicheka waigizie mimi nyuma ya ua wa makuti nikisikiza ugomvi, hiyo ni kweli na inachekesha kuliko utingo. Taja jina langu lote. Sema zamu ilikuwa ya Mghoi na alimwachia mtoto, na mtoto alikuwa mimi. Sema hakukuwa na utingo. Na asubuhi kabla ya shule pita stesheni, umwambie Mghoi kwanza yeye, kabla ya class three.

Tiki zimegeuka buluu. Nimefikiri amekasirika. Anaandika.

"Sawa mama. Lakini nimwambie umesemaje?"

Umesemaje. Mimi, mtu wa voisi saba. Nimeandika "Mwambie" nikafuta. Nimeandika "Mwambie mama anasema" nikafuta. Samahani ni neno dogo, mtu hulitoa akikukanyaga ndara. Mwaka mzima kwao na mkono wenye hina. Ufunguo kurukwa. Neno la hapo ni gani? Wenye shule wanalijua? Mimi niliishia darasa la tano, labda lilifundishwa la sita.

Wakesho anangoja. Tiki za buluu na mimi nimekodoa.

Eh, madam huyo kolido anapiga kelele, na mapema hivi wageni hawajafika. Ananiita, anaita nini, "Moya! Moya!" Maji? Maji gani tena, mifereji yote nime...

Uwii. Ndoo.

Maji yamepita mlango, ndara zangu zinaelea, kumbe miguu ilikuwa baridi muda wote huu na mimi naandika. Nimemwandikia Wakesho mbio mbio: mwambie ni mimi sikufunga, na hata huku alikoniambia nifunge sijafunga. Amejibu kitu, sijasoma, madam yuko mlangoni, nakuja madam, nak